Sura ya Tano: Pipa Lililosimama Kichwa Chini

Jalada lilikuwa na kurasa tisa tu, na kila aliyelishika kituoni alisema limekwisha. Inspekta alikuwa amelisoma mara tatu tangu asubuhi, na kila alipolifunga, mkono ulimwasha akalifungua tena. Wenzake walimwita Chujio, kwa kuwa hakuna maelezo yaliyopita mikononi mwake bila kuacha makapi. Walimwita hivyo wakimcheka, naye alikuwa haitiki wala hakatai. Mwanamke wa miaka arobaini na saba ana mambo mengi ya kufanya kuliko kugombea jina.

Jalada lilisema hivi. Ijumaa, saa tano asubuhi, mwalimu mstaafu aliingia baa ya kona akiwa mteja wa kwanza wa siku. Aliletewa bia katika kopo lake mwenyewe, akapiga funda moja kubwa, akaanguka akiwa ameshika koo. Daktari aliandika kwamba koo limeungua kwa dawa kali ya kusafishia. Koplo alipomimina kilichobaki koponi kwenye chupa ya kioo, watu waliokwisha kusanyika wakakiona kimechafuka, na baa nzima ikapiga kelele kwamba hiyo ni bia ya Mama Tope. Mhudumu wa kaunta akathibitisha.

Mama Tope ni mjane anayepika bia isiyochujwa nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwalimu ni kaka mkubwa wa marehemu huyo, na amefungua kesi ya kumtoa shemeji yake katika nyumba hiyo. Polisi walipopekua stoo ya mjane walikuta bati la dawa ya kusafishia, nusu tupu. Walichukua bati, wakachukua na chupa mbili za bia yake, wakamchukua na yeye mwenyewe, pingu mkononi, kupitia katikati ya soko.

"Sababu ipo, dawa ipo, tope lipo," alisema Mkuu wa kituo, akiwa amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuchukua tu. "Unangoja nini tena? Malaika ashuke atie saini?"

"Nangoja kielelezo kikubaliane na jalada, afande."

Inspekta aliinua ile chupa ya kioo iliyotiwa lakiri. Ilikuwa imesimama kabatini tangu Ijumaa, na sasa ilikuwa Jumatatu. Kinywaji kilichokuwa ndani kilikuwa kimejigawa. Juu kiling'aa, unaweza kuona vidole vyako kwa upande wa pili. Chini kabisa kulilala takataka za kahawia, nyembamba, mfano wa majani ya chai.

"Jalada linasema bia ya ukungu. Ukungu wenyewe uko wapi?"

"Imetulia," Mkuu akasema. "Hata mimi nikiachwa siku tatu bila kusumbuliwa nitatulia."

"Na hii?" Akageuza kopo la mwalimu. Lilikuwa kopo la bati lililopakwa rangi nyeupe, lenye mfuniko. Kwenye kitako, kwa nje, palikuwa na duara la zambarau.

"Wino wa mihuri. Koplo ameshaeleza."

"Wino wetu ni wa bluu, afande."

Mkuu akavuta pumzi ndefu. "Saa kumi jioni hati ya mashtaka iwe mezani kwangu. Watu wa kiwanda cha bia wamepiga simu mara mbili kuulizia kesi hii imefika wapi."

"Kiwanda? Kinahusikaje? Aliyeungua si amekunywa bia ya Mama Tope?"

Mkuu akasema kwamba kiwanda kinajali afya ya wananchi, akaondoka. Inspekta aliandika katika kijitabu chake: *kiwanda, simu mbili*. Halafu akamalizia chai yake. Bia hakuwa akinywa kabisa. Kinywaji chake kilikuwa chai ya rangi, na hata hiyo aliichuja mara mbili.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha dogo lililokuwa juu mno. Mama Tope aliingia akatazama viti vyote viwili, akachagua kile ambacho hakuambiwa akikalie. Alikuwa na mikono minene yenye mabaka ya kuungua na mvuke, na alikuwa ameshalala kwenye sakafu ya mahabusu siku tatu bila kuinama hata kidogo.

"Jina lako la mtaani nani alikupa?" Inspekta akaanza.

"Wateja wa bia inayong'aa. Walitaka nione haya. Nikalipaka mlangoni kwangu kwa herufi kubwa, nikaona heri nilitumie kabla halijanitumia."

"Koplo anasema alikupa nafasi ya kukiri uzembe."

"Alisema nikiri, niache kupika bia, nikalale nyumbani. Nikamwambia sakafu yenu ni baridi lakini usingizi ni wangu." Akakunja mikono. "Sikufanya, sikiri. Hata mkiniweka hapa mpaka nywele zinigeuke nyeupe zote."

"Bia yako kwa nini ina ukungu?"

"Uji kwa nini una ukungu? Kwa sababu nafaka imo. Natia ngano nyingi, natia hamira, sichuji. Kiwandani wanaipitisha yao kwenye vichujio mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia bilauri. Sawa, nayo ni bia, siitukani. Ila wamewazoesha watu kuamini kwamba kinachoonekana mpaka ng'ambo ndicho kisafi. Sumu ngapi hazina rangi, afande?"

Inspekta akaweka ile chupa ya kielelezo mezani. Mama Tope aliitazama, akainama, akaitazama tena kwa chini. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kulegea.

"Hii si yangu."

"Kila mshukiwa husema hivyo."

"Mimi sisemi kitu, chupa inasema. Hamira yangu ikituama ni nyeupe, nzito kama maziwa. Hii ni kahawia, tena ina magamba. Na huku juu inang'aa. Yangu haing'ai hata uiweke wiki, maana hamira hutua lakini ukungu wa ngano hubaki. Si mlichukua chupa zangu mbili? Kazitazameni."

"Na bati la dawa stoo kwako?"

"La kusafishia sufuria kubwa. Chembe nyeupe, utadhani chumvi. Kila anayepika bia analo. Huko kiwandani mmeenda kuhesabu mangapi?"

"Nyeupe, si zambarau?"

"Zambarau ya nini?"

Inspekta aliandika, kisha akauliza swali alilokuwa amelihifadhi. "Wewe na shemeji yako mnachukiana?"

"Sana, ila kwa adabu. Yeye anataka nyumba, mimi sitoki. Siku ya kugawa nguo za marehemu alisimama mbele ya ndugu wote akaapa kwamba tope langu halitapita kooni kwake maisha yake yote. Miaka sita sasa. Afande, mtu huyu hata maji ya kwangu hanywi. Leo hii mnaniambia Ijumaa aliamka akaagiza bia yangu?"

"Hawezi kuzungumza. Koplo alipomuuliza alifumba macho tu."

"Ni mwalimu. Kuandika amesahau?"

Inspekta alihisi masikio yakipata moto. Swali hilo lilipaswa kuulizwa Ijumaa, na lingepaswa kuulizwa na mtu mwenye mshahara wa polisi.

"Na pipa langu mmelifanyia nini?" Mama Tope akaendelea. "Nilipeleka moja tu pale baa, Alhamisi jioni, nikachukua lililokwisha."

"Koplo alichukua kopo."

"Akaacha pipa!" Akacheka bila furaha. "Nenda kaliangalie lilivyosimama. Mimi mapipa yangu nayasimamisha kichwa chini, mdomo sakafuni. Hamira inatua upande wa mdomo. Siku ya kufungua, mhudumu analigeuza, hamira inashuka polepole ikichanganyika na bia yote. Usipofanya hivyo, bilauri za kwanza ni uji na za mwisho ni maji. Lakini pipa likiwa kichwa chini, mrija wa bomba hauunganishiki, na hutapata hata tone. Mdomoni pia kuna nta yangu yenye dole gumba langu. Kama nta ipo, hakuna mtu aliyekunywa."

Alipotoka mle ndani, Inspekta hakupitia mezani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vielelezo, akatoa chupa moja ya Mama Tope, akaishika dirishani pamoja na ile ya kopo. Bia ya mjane ilikuwa na mstari mweupe chini, na juu yake ukungu wa rangi ya asali, uleule, haukuondoka. Zilikaa rafu moja, siku zilezile tatu.

*

Baa ya kona ilikuwa imefunguliwa lakini haikuwa na mteja. Mhudumu wa kaunta, ambaye wanywaji walimwita Povu kwa sababu ya kujaza nusu bilauri hewa, alikuwa akifuta mahali palipokwisha kufutwa. Kila kitu pale kilikuwa na nembo ya kiwanda: friji, miavuli, viti, kaunta yenyewe. Kuta tu ndizo zilizosalimika. Mabomba yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa na mpini wa chuma unaometameta. La pili lilikuwa na mpini wa mti, na ungeapa kwamba mpini huo ulianza maisha yake ukiwa mchi.

"Ijumaa ulimpa mwalimu bia ipi?"

"Ya tope, afande. Nilishaandikisha."

"Kutoka bomba lipi?"

"Hili la mti."

"Livute."

Povu akavuta. Bomba likakoroma, likatema hewa.

"Limekwisha," akasema upesi.

"Tangu lini?"

"Tangu hiyohiyo Ijumaa."

"Mwalimu alikuwa mteja wa kwanza. Alipoanguka baa ikafungwa, na imefunguliwa leo. Pipa zima limemalizwa na nani, na funda moja la mwalimu?"

Povu alifuta kaunta kwa nguvu zaidi. "Lilikuwa limebaki kidogo. La zamani."

"La zamani mwenyewe alilichukua Alhamisi. Hili jipya liko wapi?"

"Sijui, huko chini labda, mimi..."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Inspekta hakuwa mtu wa kusubiri ainamiwe. Alipiga magoti nyuma ya kaunta na sare yake safi, akasogeza kreti mbili, akawasha tochi. Pipa lilikuwa pale, mdomo sakafuni, matako juu. Vumbi la siku tatu lilikuwa limekaa juu yake bila alama ya mkono. Alimwamuru Povu aliinamishe. Mdomoni palikuwa na nta nyekundu, nzima, yenye dole gumba na tarehe ya Alhamisi iliyochorwa kwa msumari.

Alipoinuka, alimkuta Povu akirudisha simu mfukoni.

"Soma hiyo tarehe kwa sauti," Inspekta akamwambia.

Povu akasoma. Sauti yake ilikuwa imepungua, haikuwa ya mtu aliyekwisha andikisha.

"Kwa hiyo bia ya Mama Tope haijafunguliwa. Sasa nionyeshe hapa." Aliweka kidole kwenye sahani ya chuma iliyo chini ya bomba la kiwanda, ile inayopokea matone. Pembeni mwa sahani palikuwa na tone lililokauka, la zambarau. Rangi ileile ya kitako cha kopo. "Hii ni nini?"

"Dawa ya mirija. Ikichanganyika na bia rangi hupotea."

"Nani huiweka?"

"Fundi wa kiwandani. Huja kila baada ya wiki mbili kusafisha mrija wao. Ule wa Mama Tope hagusi, anasema yeye hashiki tope. Mama mwenyewe huja na maji ya moto na brashi."

Ndani ya mlango wa kabati, chini ya kaunta, palibandikwa kadi ya kiwanda. Kila ziara ya fundi ilikuwa na tarehe, saa na saini. Inspekta alishuka nayo kwa kidole mpaka chini. Ijumaa, saa tatu na dakika arobaini asubuhi: *dawa imewekwa*. Ijumaa hiyohiyo, saa sita na robo mchana: *mrija umesuuzwa*.

"Saa tano mwalimu anakunywa," akasema polepole. "Saa sita na robo ndipo mrija unasuuzwa."

Kabla Povu hajajibu, fundi mwenyewe, aliyepigiwa ile simu, aliingia, shati la kampuni limepigwa pasi, begi la vifaa begani. Alikuwa mtu wa tabasamu pana, na tabasamu lenyewe lilifika kabla yake.

"Afande, pole na kazi. Maswali yote yanapitia ofisi yetu ya mawasiliano."

"Hiyo ofisi nitaiandikia. Kwako nataka kibao tu."

"Kibao gani?"

Inspekta alisoma maandishi mekundu ya chini ya kadi. "'Dawa ikiwa ndani ya mrija, kibao cha USIFUNGUE kining'inizwe kwenye mpini, na kisiondolewe mpaka zitoke ndoo mbili za maji safi.' Ijumaa, kati ya saa tatu na dakika arobaini na saa sita na robo, kibao kilikuwa wapi?"

"Kilikuwepo. Labda huyu alikitoa."

"Mimi?" Povu akaruka. Kitambaa kikamponyoka. "Mimi nilitoa? Hukukiweka! Uliingia mbio, ukatoka mbio, ukasema una baa nyingine tatu za kumaliza kabla ya saa sita. Nilijua umemaliza! Mwalimu hunywea kwenye kopo la bati, mimi hata sikuona rangi ya nilichomimina. Koplo alipokimimina kwenye chupa ndipo nikaona, na watu wakaanza kelele za tope, tope, na mimi..." Akageukia ukutani. "Kelele zikanibeba, afande. Nami nikazifuata."

"Na saa sita na robo?"

"Akaja kwa mlango wa nyuma, koplo yuko nje anazuia watu. Akasuuza. Akaniambia nikifungua mdomo, friji na kaunta na mabomba vinarudi kiwandani kesho yake. Nina watoto wanne. Bila kaunta mimi ni nani?"

Fundi alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu limebaki peke yake. "Huyo mama ni uchafu tu. Kila mtu anajua. Sisi bia yetu inachujwa mara tatu."

"Bia yenu sina ugomvi nayo. Aliyemchoma mtu ni mrija." Inspekta alibandua kadi akaitia katika bahasha ya vielelezo. "Kitu kimoja sikielewi. Unarudi kwa siri kufuta makosa yako, halafu unatia saini na saa. Kwa nini?"

Fundi alitazama bahasha, na kwa mara ya kwanza alisema kitu ambacho hakikupitia ofisi yoyote. "Ziara isiyo na saini ya kusuuza inahesabiwa haijafanyika. Msimamizi anakukata siku. Miaka kumi na moja natia saini, afande. Mkono uliandika wenyewe."

"Fungua begi."

Ndani mlikuwa na brashi, funguo, dumu la dawa ya zambarau, na kibao chekundu ambacho kamba yake ilikuwa bado imefungwa kwa plastiki ya dukani.

*

Mwalimu mstaafu alikuwa ameketi kitandani wodini, mgongo wima, shingo imezungushiwa bandeji. Kwa mujibu wa jalada, alikuwa ameshahojiwa. Koplo alimuuliza kama alichokunywa ni bia ya shemeji yake, mgonjwa akafumba macho, koplo akaandika: *alikubali kwa kufumba macho*. Inspekta alimsomea mstari huo. Mwalimu alimtazama kwa namna ambayo wanafunzi wa vizazi vitatu lazima waliifahamu.

Inspekta akampa daftari na kalamu. Mzee aliandika neno moja, kwa mwandiko wa ubaoni: *Amefungwa?*

"Yuko mahabusu. Saa kumi atashitakiwa kwa kukutilia sumu."

Kalamu ikasimama.

Inspekta angeweza kunyamaza hapo. Lakini alikuwa amechoka na watu waliokuwa wakinyamaza mahali panapowafaa. "Nakwambia na lingine, mzee, ili usije ukasema nilikuficha. Akishitakiwa hatakuwa na nguvu ya kupigania nyumba. Utaipata bila jasho. Huna haja hata ya kusema uongo, fumba macho tena, basi."

Mwalimu aligeukia dirisha. Nje, mfanyakazi wa hospitali alikuwa akianika mashuka, moja baada ya jingine, na mzee aliyahesabu yote kwa macho. Inspekta aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Pipa na kadi vingemfaa mbele ya hakimu, lakini kwa Mkuu wa kituo alihitaji kitu kisichoweza kuitwa wino wa mihuri.

"Sikuombi umhurumie," akasema. "Kuna karatasi imeandikwa makosa juu ya jina lako. Naomba mwalimu aisahihishe."

Mzee alivuta daftari. Aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, akapigia mistari chini ya maneno mawili, akatia tarehe, akatia saini. Kisha akamwashiria kwa kidole aondoke, kama mtu aliyechelewesha kengele.

*

Saa kumi kasoro dakika tano, Inspekta aliweka chupa mbili kwenye meza ya Mkuu wa kituo, mbele ya dirisha. Pembeni yake akaweka kadi, kibao chekundu na picha ya nta. Fundi alikuwa chumba cha pili akiandika maelezo, na ofisi yake ya mawasiliano ilikuwa imekwisha piga simu mara nne.

"Hii yenye ukungu ni yake, tangu Ijumaa haijang'aa. Hii inayong'aa ndiyo iliyomchoma mtu. Ilitoka bomba la kiwanda na dawa ndani. Dawa ilikwangua uchafu wa mrija, uchafu ukachafua bia, na sisi sote tukaona tope tukafikiri tumemwona mwenye tope."

Mkuu alizitazama chupa kwa muda. Jungu kuu halikosi ukoko, na miaka yake ya kazi ilikuwa imemfundisha kutambua kesi iliyokufa. "Basi aachiwe kwa kukosa ushahidi. Apitie mlango wa nyuma, mbele watu wamejaa."

"Kwa nyuma sitoki."

Mama Tope alikuwa amefikishwa mlangoni na koplo, yuleyule wa pingu. Alisimama hapo akiwa amejaza mlango.

"Mliniingiza kwa mbele, mtaa mzima unatazama. Na karatasi yangu isiseme ushahidi umekosekana. Ushahidi upo, tena umejaa mezani, ila si wangu. Andikeni hivyo. Nikitoka na karatasi ya nusu, kesho nani atakunywa bia yangu? Watasema niliponea chupuchupu. Heri mnirudishe sakafuni."

"Mama, usitufundishe kazi," Mkuu akasema.

"Amesema kweli, afande." Inspekta alikuwa ameshaandika. Aliisukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa na sentensi mbili: kwamba kinywaji kilichomjeruhi mlalamikaji hakikutoka kwa mshukiwa, na kwamba polisi walikosea kumkamata. Chini palikuwa na saini yake mwenyewe, na nafasi ya saini nyingine.

"Na nisiposaini?"

"Basi hati ya mashtaka uiandike wewe kwa mkono wako. Mimi nitaambatanisha hii."

Akatoa ukurasa wa daftari. Mkuu aliusoma kimya. Alipofika katikati akakohoa, akarudi mwanzo, na bila kuombwa akausoma kwa sauti:

"'Mimi, mwalimu mstaafu, naandika kwa akili timamu. Ijumaa niliagiza bia *iliyochujwa*, kama ninavyoagiza siku zote. Uchafu wa shemeji yangu sijawahi kuuonja, na sitauonja hata nikifa kwa kiu. Anayesema niliunywa ananitukana. Nyumba ni ya mdogo wangu na nitaidai mpaka mwisho. Lakini nitamshinda *mahakamani*. Sitaki kupewa nyumba na koplo asiyejua kuhoji.'"

Koplo akatazama viatu vyake. Mkuu akachukua kalamu, akatia saini, akaisukuma karatasi ukingoni mwa meza bila kumtazama mtu.

Mama Tope aliichukua, akaisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza. Halafu akaomba asomewe tena ule ukurasa wa shemeji yake, pale panaposema hata nikifa kwa kiu. Mkuu akamsomea. Mjane akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, cha siku tatu zilizokuwa zimefungiwa, mpaka akashika fremu ya mlango na machozi yakamtoka.

"Mwambieni shemeji nimemsikia," akasema akijifuta kwa kiganja. "Nyumbani sitoki. Na anywe dawa zake zote, apone upesi. Siku ya kesi nataka awe na sauti yake, nimshinde akiwa anaweza kunijibu."

Akakunja karatasi yake mara nne, akaisokomeza kifuani, akaenda kufungua mlango wa mbele mwenyewe.